Herufi Zinazofuata Jina

Juni ni mwezi wa baridi Lubumbashi, katika Kongo ya Kinshasa. Asubuhi watu hutembea wamejikunyata ndani ya makoti, vumbi la kiangazi limetanda, na magari yanafuatana kwenye barabara ya Golf kuelekea Karavia. Huko, kando ya ziwa dogo na uwanja wa golf, ipo hoteli ya Grand Karavia, ambayo siku hizi hubeba pia jina la Pullman, na ndiko hufanyika DRC Mining Week, mkutano wa kila mwaka wa watu wa migodi. Wauza pampu wamo, wenye malori wamo, mabenki yamo. Katikati yao hupita watu wasiouza kitu cha kushikika mkononi: wahasibu, wakaguzi wa hesabu, washauri wa kodi. Bidhaa yao ni kuaminika, na katika dakika ile ya kwanza ya kusalimiana, kuaminika kwao kote kumekaa kwenye kadi ndogo inayotoka mfukoni.

Kadi ya Kongo inataka msomaji makini. Mbele ya jina huenda kukawa na "Lic.", kwa aliyemaliza digrii ya licence, "Ir", kwa mhandisi, "CT", kwa chef de travaux, ngazi ya ualimu wa chuo kikuu iliyo chini ya profesa, "Me", kwa wakili. Chini ya jina hufuata mengine: Consultant, Fiscaliste, MBA, Expert-comptable. Wino ni ule ule, herufi ni zile zile, na aliyepewa kadi hawezi kuona kwa macho kwamba maneno hayo hayalingani uzito. "Consultant" ni neno ambalo yeyote anaweza kujiandikia. MBA hutolewa na chuo. "Expert-comptable" lina sheria yake, na anayejipa jina hilo bila haki anavunja sheria ya nchi.

Sheria hiyo ni namba 15/002 ya tarehe 12 Februari 2015. Ndiyo iliyounda Ordre National des Experts-Comptables, kwa kifupi ONEC, chombo cha kitaifa cha kusimamia taaluma hiyo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinaweza kumpa mtu digrii ya uchumi. Institut Supérieur de Commerce ya mji huo huo inaweza kumpa digrii ya biashara. Hakuna hata kimoja kati ya vyuo hivyo kinachoweza kumfanya mtu awe expert-comptable. Anayefanya hivyo ni Ordre, kwa kuliandika jina lake kwenye orodha rasmi iitwayo tableau. Jina likifutwa kwenye orodha, digrii hubaki ukutani ikining'inia, lakini cheo kimekwisha ondoka.

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na wanaochanganya si wateja peke yao. Diploma hueleza mtu alisoma nini na wapi. Ni mali yake. Hakuna anayemnyang'anya hata akiacha kazi na kwenda kulima mahindi Kasenga. Cheo cha taaluma hueleza jambo jingine kabisa: mtu huyu akikosea, atamjibu nani? Nyuma ya cheo kuna chumba cha nidhamu kinachoweza kumwita, ada ya kila mwaka anayopaswa kulipa, mafunzo anayopaswa kuendelea nayo, na kanuni za maadili alizokubali kufuata. Mteja anapolipa zaidi kwa sababu ya neno lile kwenye kadi, analipia uwajibikaji huo. Anayetumia neno bila kuwa ndani ya orodha anamuuzia mteja ulinzi ambao haupo.

Lubumbashi ina kumbukumbu ndefu ya karatasi zinazompima mtu. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ukikua kwa ajili ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Mwaka 1948 serikali ya Ubelgiji ilianzisha carte du mérite civique, kadi ya kuonyesha kwamba Mkongo fulani "amestaarabika" kwa kipimo cha mkoloni. Mwaka 1952 ikaja immatriculation, hatua ya juu zaidi, ambayo ilimlazimu mwombaji kukubali wapimaji waingie nyumbani kwake waangalie anakula vipi, analala wapi, mkewe anaishi namna gani. Makarani walioandika vitabu vya hesabu vya kampuni walikuwa miongoni mwa tabaka lililofukuzia kadi hizo. Ulikuwa udhalilishaji, na inafaa usemwe hivyo. Lakini ulifundisha vizazi kwamba karatasi yenye muhuri hufungua mlango ambao kazi nzuri peke yake haiufungui.

Kisha milango yenyewe ikafungwa. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 zilibaki kama tani 30,000. Mishahara ikakatika kwa miezi mingi. Mwaka 2003, katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Mji mzima ukaishi kwa Ibara ya 15, ile "ibara" ambayo kila Mkongo anaijua: jitafutie. Aliyejua kupanga hesabu alifungua ofisi sebuleni, akachongesha muhuri, akaanza kuwasaidia wenye maduka kujaza fomu za kodi. Wengi wao walifanya kazi safi, na mji unawadai shukrani. Neno waliloandika mlangoni ndilo lililoleta shida, kwa sababu wakati huo hapakuwa na Ordre ya kulilinda.

Halafu sheria yenyewe ya hesabu ikabadilika chini ya miguu yao. Kongo ilikuwa ikitumia mpango wa hesabu wa kitaifa uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1976. Tarehe 12 Septemba 2012 nchi ikawa mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi 17 zenye sheria moja ya biashara, iliyozaliwa kwa mkataba wa Port-Louis, Mauritius, mwaka 1993. Kuanzia Januari 2014 makampuni yakaanza kuweka hesabu kwa mfumo wa OHADA, uitwao SYSCOHADA. Mfumo huo nao ukarekebishwa kwa sheria iliyopitishwa Brazzaville tarehe 26 Januari 2017 na kuanza kutumika mwaka 2018. Mhasibu aliyehitimu mwaka 1995 ana diploma halali kabisa, ya mfumo uliokwisha zikwa. Ndiyo maana cheo kinachodai mafunzo ya kuendelea kina maana kuliko karatasi iliyotolewa mara moja.

Chukua mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kampemba, mtaa wa Lubumbashi. Anauza simenti, mabati na misumari, na biashara imekua. Benki inamtaka alete hesabu za mwaka kabla ya kumpa mkopo. Anamwendea "kontable" wake, kijana mwenye licence, ambaye miaka yote amemtunzia vitabu bila kosa. Siku ya tatu faili linarudi: kurasa zimefungwa kwa pini, urari umekaa sawa, na kwenye ukurasa wa mwisho pana muhuri wa duara wa wino wa zambarau na sahihi ya mtu ambaye mama huyo hajawahi kumwona. Kijana anamweleza kwa upole: "Mama, huyu ni mukubwa, eko na kashe." Kashe ni muhuri. Mwenye muhuri ni expert-comptable wa kweli, jina lake limo kwenye tableau, ada amelipa.

Hapo hapana karatasi ya kughushi. Kila herufi ni ya kweli. Hata hivyo huu ndio uharibifu mkubwa kuliko yote katika taaluma hii, kwa sababu mwenye cheo amekiazimisha. Hakufika dukani. Hakufungua daftari kuu, hakulinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki, hakuuliza mifuko ya simenti ilihesabiwa tarehe ngapi na nani. Ametia sahihi juu ya kazi asiyoijua, kwa ada ndogo, na jioni hiyo hiyo huenda ametia nyingine tano.

Mtu aliye nje ya kazi hii anaweza kuuliza: kuna hasara gani, ikiwa kijana amefanya hesabu vizuri? Hasara iko kwenye bidhaa za ghalani. Katika duka la vifaa vya ujenzi, faida ya mwaka hutegemea sana thamani ya bidhaa zilizobaki ghalani tarehe 31 Desemba. Ukiongeza mifuko 500 ya simenti kwenye karatasi, faida inapanda na benki inafurahi. Ukiipunguza, faida inashuka na kodi inashuka nayo. Tarakimu zote nyingine zitaendelea kukaa sawa, urari hautalalamika. Njia pekee ya kujua ni mtu kwenda ghalani akahesabu. Sahihi ya mtaalamu ina maana kwa sababu inadhaniwa kwamba alikwenda, au kwamba alimhoji aliyekwenda.

Duka moja ni mfano mdogo. Upo mfano mkubwa, umbali wa takriban kilomita 300 kutoka Karavia, kwenye njia ya Kolwezi.

Katanga Mining ilikuwa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Toronto, ikimilikiwa kwa sehemu kubwa na Glencore ya Uswisi, na mgodi wake ukiendeshwa Kolwezi kupitia kampuni ya KCC. Mwezi Novemba 2017, baada ya uchunguzi wa ndani, ilitangaza kwamba hesabu zake za miaka iliyopita zilikuwa na makosa na zingeandikwa upya. Miongoni mwa kilichokosewa ni kitu kile kile cha duka la Kampemba: kiasi cha bidhaa. Shaba iliyodaiwa kuzalishwa na iliyodaiwa kuwamo ghalani haikulingana na shaba iliyokuwapo. Wakurugenzi watatu waliotoka Glencore walijiuzulu kwenye bodi. Desemba 2018 kampuni ilifikia makubaliano na Tume ya Hisa ya Ontario, ikakubali kulipa takriban dola milioni 30 za Kanada, na baadhi ya wakuu wake wa zamani wakatozwa faini na kuzuiwa kushika nyadhifa kwa muda.

Sheria ya Kanada inawataka mkurugenzi mkuu na mkurugenzi wa fedha wa kampuni ya namna hiyo kutia sahihi zao binafsi, kila kipindi, kuthibitisha taarifa zinazotolewa kwa wenye hisa. Kwa hiyo swali la nani alijua shaba ilikuwa tani ngapi halikuishia kwenye jina la kampuni. Liliwafikia watu wenye majina. Hao walikuwa watu wenye elimu ya kutosha na vyeo vya kutosha. Hakuna aliyeghushi diploma. Vyeo vilikuwa vya kweli, na taarifa iliyowekwa chini yake haikuwa ya kweli.

OHADA ililifikiria hilo ilipoandika sheria ya makampuni, iliyorekebishwa mwaka 2014. Iliweka nafasi ya mkaguzi wa kisheria, commissaire aux comptes, na ikasema kwamba mahali penye Ordre ya wataalamu wa hesabu, mkaguzi huyo lazima atoke kwenye orodha yao. Kampuni ya hisa, société anonyme, haiwezi kuwa bila yeye. Kampuni ndogo ya SARL nayo humhitaji ikivuka vipimo viwili kati ya vitatu: jumla ya mizania zaidi ya faranga za CFA milioni 125, mauzo ya mwaka zaidi ya milioni 250, au wafanyakazi wa kudumu zaidi ya 50. Faranga ya CFA haitumiki Kongo, kwa hiyo wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi huisoma sheria hiyo kama habari za Cameroon. Wageuze tarakimu: milioni 250 ni kama euro 381,000 za mauzo kwa mwaka mzima. Wapo wauzaji wa jumla mjini wanaovuka hapo kabla ya mvua za mwisho wa mwaka.

Mkaguzi huyo amefungwa kwa masharti ambayo cheo peke yake hakiyatimizi. Asiwe mwanzilishi wa kampuni wala mkurugenzi wake. Asiwe ndugu yao hadi daraja la nne, na katika mji ambao binamu ni kaka na mjomba ni baba, daraja la nne si mbali. Asiwe anapokea mshahara wa kampuni hiyo kwa kazi nyingine. Kwa hiyo expert-comptable yule yule, mwenye namba ile ile ya usajili, anaweza kuwa na haki kamili ya kukagua kampuni ya upande wa kushoto wa barabara na asiwe na haki ya kukagua ya kulia, kwa sababu ndiye anayeitunzia vitabu. Aliyeandika hesabu hawezi kugeuka kesho akawa shahidi wa usafi wake. Wateja wengi huona sharti hili kuwa gharama ya bure: tuna mtaalamu, kwa nini tulipe wa pili? Jibu ni kwamba sheria imewaomba macho ya mtu ambaye hakuandika.

Kuna sifa nyingine inayouzwa Lubumbashi ambayo haiandikwi kwenye kadi yoyote. Ni ya mtu aliyewahi kufanya kazi idara ya kodi. Direction Générale des Impôts, DGI, ilianzishwa mwaka 2003, na mkoa nao una idara yake ya mapato, DRHKAT. Mtu aliyetumika huko miaka kumi akastaafu ana ujuzi wa thamani: anajua fomu, anajua tarehe, anajua mkaguzi wa kodi huanza kutazama wapi. Kuuza ujuzi huo ni halali na kunasaidia wengi. Tatizo huanza anaponong'ona kwamba "ana watu ndani". Hapo ameacha kuuza anachokijua na ameanza kuuza anaowajua, na mteja anayenunua ananunua kesi.

Kodi za Kongo huendeshwa kwa mlipakodi kujitangazia mwenyewe. VAT ya asilimia 16, inayotozwa tangu Januari 2012, hutangazwa kila mwezi, na tamko hubeba namba ya kodi ya mwenye biashara. Mshauri akikosea, barua ya kuongeza kodi inakwenda dukani, haiendi kwa mshauri. Mama wa Kampemba hawezi kumwambia mkaguzi kwamba kuna bwana aliyemhakikishia. Anaweza kumdai bwana huyo baadaye, na hapo ndipo tofauti ya cheo inapojitokeza: aliye kwenye orodha anaweza kushtakiwa mbele ya Ordre yake. Mwenye "watu ndani" anashtakiwa wapi?

Majirani wameliweka jambo la washauri wa kodi chini ya usajili wa pekee. Tanzania humtaka mshauri wa kodi asajiliwe na kamishna wa TRA, mamlaka ya mapato. Kenya hutoa leseni kwa mawakala wa kodi chini ya sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2015. Uganda ina kamati ya kuwasajili, kwa sheria ya mwaka 2014. Katika nchi zote hizo uhasibu na uwakala wa kodi ni mambo mawili, hata kama mtu mmoja anayabeba yote.

Hapo ndipo herufi za Afrika Mashariki zinapoingia Karavia. Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kupitia mpaka wa Kasumbalesa huja malori ya Dar es Salaam pamoja na wahasibu wake. Kadi zao zimeandikwa CPA (T), yaani Certified Public Accountant. Herufi ile ndogo ndani ya mabano ina kazi kubwa: T ni Tanzania, kwa aliyesajiliwa na bodi ya NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. K ni Kenya, chini ya ICPAK. U ni Uganda, chini ya ICPAU. R ni Rwanda. Mwaka 2011 taasisi za uhasibu za nchi tano za Jumuiya zilitia sahihi makubaliano ya kutambuana, lakini Kongo haikuwa mwanachama wakati huo. CPA (T) anayefanya kazi Lubumbashi hasemi uongo akiandika herufi zake kama zilivyo, pamoja na mabano. Anasema uongo akizitafsiri. Siku atakapochapisha kadi ya Kifaransa na kuandika "expert-comptable" kwa sababu tu ndilo neno linalofanana, amehama kutoka cheo alichopewa na kuingia kwenye kile ambacho hakupewa. Hata yale makampuni makubwa manne ya ukaguzi duniani hayakwepi hilo. Jina maarufu la London au New York halitii sahihi peke yake Kongo.

Nchini Kenya kuna mkanganyiko mwingine ambao Wakongo wanaweza kujifunza kutokana nao. Mtihani wa CPA hutungwa na KASNEB. Uanachama hutolewa na ICPAK. Kijana anayefaulu sehemu zote za mtihani amepata jambo la kujivunia na anaweza kulisema: amefaulu mtihani. Herufi za CPA (K) kando ya jina huja baada ya kukubaliwa kuwa mwanachama, na hata mwanachama haruhusiwi kukagua hesabu kwa niaba ya umma bila leseni ya kufanya kazi hiyo. Ni ngazi tatu. Wengi huruka kutoka ya kwanza kwenda ya tatu kwa kalamu moja.

Kughushi kwa wazi kupo pia, na tarakimu zake zinatisha. Aprili 2017 rais John Magufuli wa Tanzania alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitangaza imebaini 2,067. Kesi hizo huchukua vichwa vya magazeti, na zinastahili. Lakini cheti cha kughushi kina dawa inayoeleweka: piga simu chuoni, jina halipo, kazi imekwisha. Karatasi ya kweli iliyotumiwa mahali isipohusika haina dawa nyepesi hivyo.

Upande wa pili wa jambo nao lazima usemwe, kwa sababu vyombo vya taaluma vinaweza kulinda vyeo kupita kiasi. Huko Florida, Marekani, wakili Silvia Ibanez alikuwa pia na leseni hai ya CPA, na cheti cha mpangaji fedha, CFP, kilichotolewa na taasisi binafsi. Aliweka herufi zote mbili kando ya jina lake kwenye kitabu cha simu, kadi na karatasi za barua, chini ya neno "wakili". Mamlaka ya uhasibu ya jimbo ikamwadhibu ikidai anawapotosha watu, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi za sheria. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1994 jaji Ruth Bader Ginsburg akaandika hukumu iliyompa ushindi. Maadamu leseni yake ilikuwa hai, kusema anayo ni kusema kweli, na mahakama haikuona ukweli huo ungempotoshaje mteja. Mamlaka ilipaswa kuonyesha madhara halisi, kudhani hakukutosha.

Hukumu hiyo ni ya nchi nyingine na sheria nyingine, lakini ina kipimo kinachovuka mipaka. Haikuuliza kama herufi ni nyingi au zinang'ara. Iliuliza kama ni za kweli, na kama ziko hai siku hiyo. Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu nazo zinakwenda njia hiyo: mtaalamu anaruhusiwa kujitangaza, haruhusiwi kutia chumvi kuhusu sifa zake, huduma zake au uzoefu wake, wala kuwachafua wenzake.

Kwa hiyo kijana wa Kampemba hana haja ya kujificha. Akiandika kwenye kadi "Licencié en sciences économiques, utunzaji wa vitabu vya hesabu", ameeleza ukweli wote, na ukweli huo una soko. Maduka mengi ya mitaa ya Lubumbashi, Kenya (mtaa, si nchi), Katuba na Ruashi, yanamhitaji mtu wa namna hiyo kila mwezi kuliko yanavyomhitaji mkaguzi. Kama anataka neno la juu zaidi, mlango wa Ordre una ngazi zake, pamoja na miaka ya kujifunza chini ya mtaalamu aliyesajiliwa. Na mwenye muhuri wa zambarau akitaka kusaidia, amwajiri kijana, asimamie kazi yake, apitie faili, afike ghalani, ndipo atie sahihi.

Mama naye ana la kufanya, na halimgharimu kitu. Amwombe anayejiita expert-comptable namba yake ya usajili. Aipeleke ofisi ya Ordre ya mkoa, aulize kama jina limo kwenye orodha ya mwaka huu. Orodha ya mwaka jana haitoshi. Aulize kazi anayotaka kupewa ni ipi, kutunza vitabu au kuvikagua, na aiandike kwenye barua ya makubaliano kabla ya kulipa. Kisha aulize swali moja la dukani: bidhaa zangu utazihesabu siku gani? Asiyekuwa na jibu la swali hilo asipewe faili.

Na afanye hivyo mapema. Katika nchi za OHADA mwaka wa hesabu hufungwa tarehe 31 Desemba, na hesabu zinapaswa kuwa zimekamilika ndani ya miezi minne. Siku ya mwisho ni 30 Aprili.